Shahidi yuko Muscat: safari ndefu ya barua za mahakama

Shangazi yangu ana kesi. Si ya jinai, msishtuke. Ni ya madai, inahusu nyumba ya vyumba vinne pale Tanga aliyoinunua mwaka 1994 kutoka kwa mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Watoto wa marehemu wanasema baba yao hakuuza, aliiweka rehani tu, na fedha zilisharudishwa. Mkataba upo, umeandikwa kwa mkono, karatasi imeanza kulegea kwenye mikunjo. Mashahidi wawili walitia saini. Mmoja alifariki mwaka 2009. Wa pili yuko Muscat, alikohamia kwa nduguze miaka mingi iliyopita, na kwa umri wake na magoti yake hapandi tena ndege.

Nilikuwa likizo, nikamsindikiza mahakamani. Wakili wake akasimama, akaomba shahidi huyo ahojiwe huko huko aliko. Wakili wa upande wa pili akapinga. Jaji akaandika, akaandika tena, akaahirisha. Tulipotoka nje, shangazi akajitengeneza mtandio, akaniangalia.

"Mwanangu, wewe umesoma. Yule mzee ana simu, mimi naongea naye kila Ijumaa. Kwani akijibu maswali sebuleni kwake, anamwibia nani?"

Nimeripoti habari za mahakamani kwa miaka mitatu sasa. Najua kuandika "shauri limeahirishwa" kwa namna saba. Lakini swali lile sikuwa na jibu lake. Nikamwambia "ni taratibu tu, shangazi", ambalo ni jibu la mtu asiyejua. Niliporudi Dar nikaanza kusoma. Ndugu msomaji, nilidhani nitapata aya mbili za kanuni, nikakuta historia ya miaka zaidi ya 200 yenye wafanyabiashara wa Calcutta, mwandishi wa habari aliyetekwa nyara, madini ya urani na ndege ndogo iliyoanguka Marekani. Mwenye chai aivute karibu.

Tuanze na jambo la msingi. Samansi ya mahakama ina nguvu kwa sababu nyuma yake yupo polisi. Usipoitikia unafuatwa. Lakini polisi huyo anaishia Horohoro, au Namanga, au Kasumulu. Ukivuka pale, samansi ni karatasi kama karatasi nyingine. Mkono wa mahakama unaishia mpakani, wakati watu, fedha na mikataba vinavuka kila siku.

Waingereza waligongana na tatizo hili mapema kwa sababu ya biashara zao. Kampuni ya East India ilikuwa na watumishi, madeni na magomvi huko Calcutta, Madras na Bombay, lakini watu wakishtakiana walishtakiana London. Shahidi yuko Bengal, safari ya miezi kwa merikebu, nani atamleta? Mwaka 1773 Bunge lao lilipopitisha sheria ya kuidhibiti kampuni hiyo, liliingiza humo kifungu kilichoruhusu mahakama za Westminster kuwaagiza majaji walioko India wamwite shahidi, wamhoji, wayaandike majibu yake na kuyapeleka London yakiwa yamefungwa kwa mihuri. Mwaka 1831 utaratibu huo ukapanuliwa hadi makoloni mengine yote.

Tazama neno nililotumia: kuwaagiza. London iliweza kuagiza kwa sababu jaji wa Calcutta na jaji wa Westminster walikula mkate wa mfalme mmoja. Shahidi akiwa chini ya mfalme mwingine, huagizi, unaomba. Na huko Ulaya bara walikuwa na desturi hiyo zamani, wakaiita kwa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuomba. Jaji wa nchi hii anamwandikia jaji wa nchi ile: nina shauri mbele yangu, kwako yuko mtu fulani, tafadhali muulize mambo haya, nami nitakufanyia hivyo hivyo siku ukiwa na haja. Mwaka 1856 Uingereza nayo ikatunga sheria ya kuziwezesha mahakama zake kuzihudumia barua za namna hiyo kutoka mataifa mengine.

Barua hizo zilifikaje Tanga? Kwa kupitia India. Waingereza waliandika kanuni ya mwenendo wa kesi za madai kwa ajili ya India, toleo lililodumu likiwa la mwaka 1908. Walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza, hawakuhangaika kuandika upya. Mwaka 1920 waliichukua kanuni ya India wakaileta kama ilivyo. Baada ya Uhuru tukatunga yetu, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, lakini ukiziweka pamoja utaona mtoto kafanana na mama. Humo ndimo inaposemwa kwamba kama shahidi anaishi nje ya Tanzania, mahakama inaweza kutoa barua ya maombi ahojiwe huko. Kwa hiyo ombi la wakili wa shangazi ni kitukuu cha kifungu kilichotungwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Calcutta. Nilipomweleza hivyo kwenye simu alisema, "Basi ndiyo maana linakwenda kwa merikebu."

Sasa, barua ya kuomba ina tabia ya barua ya kuomba. Anayeombwa anaweza kukubali, kukataa, au kuiweka kwenye droo. Mwaka 1893 mwanasheria Mholanzi Tobias Asser alizikutanisha nchi za Ulaya mjini The Hague ili wakubaliane taratibu za pamoja. Mwaka 1896 ukatoka mkataba wa kwanza wa mwenendo wa kesi za madai, ukarekebishwa 1905, ukarekebishwa tena 1954. Asser mwenyewe alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1911. Watu hupewa Nobel ya Amani kwa kusimamisha vita. Huyu kazi yake ilikuwa kuwafanya mahakimu waandikiane barua. Nilicheka kidogo, halafu nikaacha.

Niliacha kucheka nilipofika Uswisi.

Mwezi Machi 1935, mwandishi wa habari wa Kijerumani aitwaye Berthold Jacob, Myahudi, mpinga vita aliyekuwa akiandika juu ya Ujerumani kujizatiti kijeshi kwa siri, alikuwa anaishi uhamishoni Strasbourg, Ufaransa. Mtu aliyemwamini, mwandishi mwenzake, alimwalika Basel. Kumbe yule bwana alikuwa wakala wa Wanazi. Jacob akala naye chakula, akaingizwa kwenye gari, gari likavuka mpaka kwenda Ujerumani. Serikali ya Uswisi ilikasirika, ikadai arudishwe, na mwezi Septemba mwaka huo huo akarudishwa. (Mwaka 1941 walimteka tena, safari hii Lisbon, na alifariki Berlin 1944.) Lakini kabla hata hajarudishwa, mwezi Juni 1935 Uswisi ilishapitisha sheria ya kumwadhibu mtu yeyote anayefanya ndani ya nchi hiyo, kwa niaba ya dola ya kigeni na bila kibali, kazi ambayo ni ya mamlaka ya serikali. Sheria hiyo baadaye ikawa kifungu cha 271 cha kanuni yao ya adhabu, na kipo mpaka leo.

Na sasa sikiliza. Katika macho ya Waswisi, kukusanya ushahidi ni kazi ya jaji, na jaji ni dola. Kwa hiyo wakili wa New York akisafiri hadi Zurich, akakodi chumba cha hoteli, akamketisha shahidi mbele ya kinasa sauti na kuanza kumhoji chini ya kiapo kwa ajili ya kesi ya madai kule kwao, bila kibali cha Uswisi, anaingia kwenye kifungu hicho hicho kilichozaliwa kwa sababu ya watekaji wa Basel. Hata kama shahidi amekubali. Hata kama wamekunywa kahawa pamoja.

Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu la shangazi. Anamwibia nani? Anamwibia mwenye nchi. Si mali. Anamwibia kiti. Ni kama mgeni aje kwenye ua wa mtu, aitishe baraza, aketi kwenye kiti cha mwenye mji na kuanza kuwauliza maswali watoto wa mle ndani. Watoto wanaweza wasilalamike. Mwenye mji lazima atalalamika.

Marekani hawakuliona hivyo kamwe, na ugomvi mkubwa wa karne iliyopita unatokana na hapo. Kwa Wafaransa, Wajerumani, Waswisi na wengine wa mkondo huo, jaji ndiye anayetafuta ushahidi. Yeye anauliza, yeye anaandika. Kwa Wamarekani, kazi hiyo ni ya mawakili. Kabla kesi haijasikilizwa, wakili anamwandikia mpinzani wake: nipe nyaraka zako zote zinazohusu jambo hili, nami nitawahoji watu wako ofisini kwangu kwa siku nzima. Jaji huitwa pale wanapogombana tu. Ni utaratibu wenye nguvu sana kwa mtu mdogo anayepambana na kampuni kubwa, kwa sababu ushahidi wa makosa ya kampuni uko kabatini mwa kampuni. Lakini pia ni jarife. Unalitupa baharini bila kujua kuna nini, unavuta, halafu unachagua.

Marekani ilijiunga na mkutano wa The Hague mwaka 1964 na mara moja ikataka mkataba mpya. Ulikamilika mwaka 1968, ukatiwa saini 18 Machi 1970, ukaanza kazi Oktoba 1972. Ndio Mkataba wa Hague wa Ushahidi, na nikiri kwamba umetungwa vizuri. Kila nchi inateua ofisi moja kuu ya kupokea barua, kwa hiyo barua haizunguki tena balozini. Mahakama inayoombwa inafuata utaratibu wake, lakini ikiombwa utaratibu wa pekee, kwa mfano kuandika maswali na majibu neno kwa neno, inatakiwa kuutumia isipokuwa haiwezekani au sheria yake inakataza. Shahidi analindwa na haki ya kunyamaza ya nchi zote mbili. Kukataa kunaruhusiwa kwa sababu chache, mojawapo ikiwa pale nchi inapoona mamlaka au usalama wake umeguswa.

Halafu kipo kifungu cha 23. Waingereza ndio waliokileta. Kinasema kila nchi inaweza kutangaza kwamba haitashughulikia barua zinazotafuta nyaraka kwa ule utaratibu wa kabla ya kesi kusikilizwa. Yaani lile jarife. Wamarekani walishtuka baadaye walipoona nchi karibu zote zinatoa tangazo hilo, moja baada ya nyingine. Walijenga mlango, wenzao wakauwekea kufuli.

Kufuli lilijaribiwa London. Kampuni ya Westinghouse ilikuwa ikiuza mitambo ya nyuklia, na ili wateja wanunue iliwaahidi urani kwa bei nafuu. Bei ya urani ikapanda kutoka chini ya dola 10 kwa ratili hadi zaidi ya dola 40 ndani ya miaka michache, na mwaka 1975 Westinghouse ikatangaza kwamba haitatimiza ahadi. Makampuni ya umeme yakaishtaki Virginia. Westinghouse ikajitetea: bei haikupanda yenyewe, imepandishwa na wachimbaji waliokula njama, na ushahidi uko London kwenye ofisi za Rio Tinto Zinc. Barua ya maombi ikatumwa. Jaji wa Virginia, Robert Merhige, akafunga safari mwenyewe, na mwezi Juni 1977 akawa anasikiliza mabishano ndani ya ubalozi wa Marekani mjini London, huku wakurugenzi wakikataa kujibu kwa hoja kwamba majibu yangeweza kuwatia hatiani. Ndipo serikali ya Marekani ikaingilia: wajibu, tutawapa kinga, kwa kuwa sisi nasi tunayahitaji majibu yao kwa uchunguzi wetu wa jinai. Hapo Waingereza wakasema basi. Desemba 1977 mahakama yao ya juu kabisa, wakati huo ikiwa ndani ya Bunge la Malodi, ilikataa. Mliomba ushahidi wa kesi ya madai. Sasa mnataka kuufanya wa uchunguzi wa jinai wa serikali yenu dhidi ya watu wetu kwa mambo yaliyofanyika nje ya kwenu. Haiwezekani.

Wafaransa walikwenda mbali zaidi. Tangu 1968 walikuwa na sheria iliyozuia taarifa za usafiri wa meli kupelekwa kwa mamlaka za kigeni. Tarehe 16 Julai 1980 waliipanua ikawa sheria ya kila kitu: ni kosa la jinai kuomba, kutafuta au kutoa nyaraka na habari za kiuchumi, kibiashara, kiviwanda, kifedha au kiufundi ili zitumike kama ushahidi katika kesi nje ya Ufaransa, isipokuwa kwa njia ya mikataba. Jela hadi miezi sita, na faini.

Siku 34 baadaye, tarehe 19 Agosti 1980, ndege ndogo aina ya Rallye ilianguka katika jimbo la Iowa. Rubani na abiria wakaumia. Ndege hiyo ilitengenezwa na kuuzwa na makampuni mawili ya Kifaransa, Aérospatiale na kampuni tanzu yake, yote mali ya serikali ya Ufaransa, na matangazo yake yaliisifu kuwa salama kupita nyingine za aina yake. Majeruhi wakashtaki. Mawakili wao wakaomba nyaraka za usanifu na majaribio ya ndege. Mwanzoni makampuni yalijibu bila neno. Maombi ya pili yalipokuja, yakakumbuka kwamba ni Wafaransa: tumieni Mkataba wa Hague, andikeni barua Paris, tukiwapa moja kwa moja tutafungwa kwetu.

Ubishi huo ulipanda hadi Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, ukaamuliwa 15 Juni 1987. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba mkataba si njia pekee. Walipogawanyika ni hapa: je, walau ijaribiwe kwanza njia ya mkataba? Watano, hukumu ikiandikwa na Jaji Stevens, walisema hapana, kila jaji atapima kesi yake na kuangalia heshima inayostahili kwa taifa jingine. Wanne, wakiongozwa na Jaji Blackmun, walionya kwamba ukimwachia jaji wa nyumbani apime kati ya sheria ya kwao na sheria ya wageni, mizani itaegemea upande mmoja. Na ndivyo ilivyokuwa. Tangu hapo, mahakama nyingi za Marekani zimekuwa zikiupita mkataba pembeni pale mdaiwa wa kigeni anapokuwa tayari amefika mbele yao.

Nimeisoma hukumu ile mara mbili na moyo wangu umegawanyika. Kwa upande mmoja, nani alikuwa anakingwa na lile neno kubwa la mamlaka ya taifa? Kampuni ya ndege, mbele ya watu waliovunjika mifupa. Kwa upande mwingine, mtu aliyekulia kwenye nchi yetu hawezi kusikia "tutachukua tunachotaka kwenu, kwa utaratibu wetu" bila kukunja uso. Wafaransa hawakusahau. Mwaka 2007 mahakama yao ya juu ilithibitisha faini ya euro 10,000 kwa mwanasheria aliyemtafuta mjumbe wa zamani wa bodi ya kampuni ya bima na kumchokonoa habari kwa ajili ya kesi iliyokuwa California. Kwa mazungumzo tu! Shangazi angeshika kichwa.

Wakati huo huo, na hili lilinishangaza, Marekani hiyo hiyo tangu 1964 ina sheria inayoruhusu mtu mwenye kesi nchi nyingine yoyote kwenda kwenye mahakama ya shirikisho, mahali shahidi anapoishi, na kuomba aamriwe kutoa ushahidi au nyaraka. Hakuna mkataba unaohitajika. Jaji ana hiari ya kukubali au kukataa, lakini mlango uko wazi hata kwa kesi ya Tanga. Maana yake shahidi wetu angehamia Minneapolis badala ya Muscat, shangazi angekuwa na njia fupi zaidi. Ndugu zetu wa ng'ambo huwa hawachagui mji kwa kufikiria kesi za watu.

Mkataba wa Hague leo una nchi zaidi ya 60. Afrika Kusini imo, Shelisheli imo, Morocco imo. Tanzania haimo, Kenya haimo. Kwa hiyo barua ya shangazi inafuata njia ya zamani, ile ya kabla ya mambo yote niliyoyasimulia: kutoka mahakamani kwenda serikalini, kutoka serikalini kwenda balozini, kutoka balozini kwenda wizara ya wenyeji, kutoka wizarani kwenda mahakama ya huko, maswali yakiwa yametafsiriwa kwa Kiarabu, kisha majibu yarudi kwa ngazi zile zile. Wakili aliniambia nisihesabu kwa wiki.

Yapo mashauri ambayo mashahidi wanapanda ndege na kumaliza ubishi. Julai 2012 wazee watatu wa Kenya, waliopitia mateso ya kambi za wakati wa Mau Mau, walikwenda London kutoa ushahidi wao wenyewe mbele ya Jaji McCombe, kwa kesi waliyoifungua wenzao na wao mwaka 2009. Huko huko Uingereza, kwenye hifadhi ya Hanslope Park, yalikuwa yamefichuka maelfu ya majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni, hivyo karatasi na watu vikakutana chumba kimoja. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Lakini nyuma yao kulikuwa na mawakili wakubwa na shirika la haki za binadamu. Shangazi ana wakili mmoja, na tunamlipa kwa mafungu.

Inabaki video. Tangu 2021 Tanzania ina kanuni zinazoruhusu mashauri kuendeshwa na mashahidi kusikilizwa kwa njia ya mtandao, na mahakama zetu zimeshazoea. Unadhani tumefika? Mwaka huo huo wa 2021 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitamka kwamba mtu aliye nchi nyingine asitoe ushahidi wa mdomo kwa video mpaka ijulikane kwamba nchi aliyopo haina pingamizi, na serikali yao ikaweka kitengo maalumu katika wizara ya mambo ya nje cha kuziuliza nchi hizo. Kiti cha mwenye mji kinalindwa hata pale mgeni anapokuja kwa kioo cha simu. Wakili wa upande wa pili katika kesi yetu anaijua hoja hiyo. Aliitumia.

Na niseme kweli ingawa ni damu yangu: hakukosea kuitumia. Mwezi uliopita yule mzee wa Muscat alimtumia shangazi sauti kwenye WhatsApp, dakika nne na nusu. Anaeleza yote. Nani alikuwepo, fedha zilihesabiwa mara ngapi, na kwamba muuzaji alisema kwa mdomo wake "nimeuza". Shangazi alilia. Akaipeleka kwa wakili, wakili akaisikiliza mpaka mwisho, akamwambia haifai kitu ikiwa peke yake. Hakuna aliyemwapisha mzee. Hakuna aliyemuuliza fedha zilikuwa kiasi gani, au kama siku ile alikuwa na miwani. Watoto wa marehemu nao wana haki ya kumuuliza, na baba yao hawezi tena kujibu.

Wiki hii jaji ametoa uamuzi mdogo. Shahidi atasikilizwa kwa video, lakini sharti kwanza ipatikane ridhaa ya serikali ya Oman, na barua ya kuiomba ipite njia ya kawaida. Shauri litatajwa tena baada ya miezi mitatu. Nilimpigia shangazi jioni kumweleza. Akaitikia salamu, akanyamaza kidogo, akauliza kama miezi mitatu ni ya barua kwenda au ya kwenda na kurudi.

Nikamwambia ni ya kutajwa tu.

"Haya," akasema. "Ijumaa nitamwambia ajitunze."